Jumamosi mbili bila kugusa M: kwa nini darasa letu la picha linaanza na yai na dirisha

Jumamosi iliyopita, katikati ya zoezi, mwanafunzi mmoja aliweka kamera mezani akasema mbele ya wenzake: "Kaka, mimi nimelipa laki mbili na nusu. Hii ni Jumamosi ya pili na M bado hatujaigusa. Hapa naona tunaliwa hela." M ni ile alama ya "manual" kwenye gurudumu la kamera, ambapo mpigaji hupanga kila kitu mwenyewe. Sikumjibu palepale, kwa sababu wenzake walikuwa wanauwahi mwanga wa dirishani na mwanga ule haukai. Lakini maneno yale nimeyasikia karibu kila kundi. Wengine huyasema kwa upole, wengine huandika kwenye WhatsApp saa nne usiku. Nayajibu leo kwa kirefu, ili anayetaka kujiunga ajue analipia nini na aliyekwisha kulipa asione kaibiwa.

Hapa studio, siku ya kwanza hatufungui mikoba ya kamera. Kila mtu anapewa yai moja la kuku na karatasi nyeupe, anakaa karibu na dirisha. Kazi yake ni kulizungusha yai lile na kuniambia kivuli kinaanzia wapi, kikali upande gani, kinayeyuka upande gani. Baadaye tunafunika dirisha kwa pazia jepesi na kutazama tena: kivuli kilichokuwa na ukingo kama wa kisu kinalainika. Kisha yai tunaliweka pembeni, mwenzako anakaa mahali pake, na unagundua kwamba pua, shavu na kidevu vinafuata sheria ileile. Aliyeshika hilo ana nusu ya kazi mkononi. Asiyelishika, hata umpe kamera ya milioni kumi, atampiga mtu picha saa saba mchana pale Coco Beach, macho yamegeuka mashimo meusi, halafu aseme lenzi mbovu.

Na sisi wa Dar jua letu halina huruma. Mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, mchana linakaa utosini kabisa. Saa hizo mwambie mtu asogee chini ya mwembe au kwenye baraza, uso wake uelekee kule kwenye uwazi. Mwanga mzuri wa nje unarudi kama saa kumi na moja jioni, na ikifika saa moja kasoro umekwisha, maana huku kwetu giza huingia haraka. Anayechelewa kwa kutafuta vitufe anaukosa.

Mwaka jana alikuja dada mmoja mwokaji wa keki. Alikuwa ameshanunua bodi ya kamera na lenzi yake ya kuvuta, ya milimita 18-55, kwa milioni moja na laki nane, kwa ajili ya picha za keki zake tu. Picha zilikuwa na umanjano, krimu nyeupe inaonekana kama siagi, na alikuwa na uhakika ameuziwa kamera feki. Nilienda jikoni kwake. Keki ilikuwa chini ya taa ya manjano, na pembeni dirisha dogo linaleta mwanga wa rangi nyingine, kwa hiyo kamera haikujua ifuate upi. Tulizima taa, tukaisogeza keki hadi mlango wa uani, upande wa pili tukasimamisha manila nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Nikamwambia apige kwa simu yake, si kwa kamera. Alipoiona picha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa nini sikuja kabla sijanunua?" Kamera ile haikuwa feki hata kidogo. Ilikuwa inamngoja ajifunze, ila tayari ilikuwa imekula mtaji wa oveni.

Hiyo ndiyo njia ya mkato inayotuletea wateja wengi waliokwishaumia: kununua kwanza, kujifunza baadaye. Nyingine ni kununua kamera iliyokwisha kutumika bila kuikagua. Shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila ukipiga picha, ina umri wake. Kamera nyingi za daraja la chini shata zake hukadiriwa mibofyo 100,000 hivi, na ikifa, fundi atakutajia bei ambayo ungeongezea kidogo ukanunua kamera nyingine. Uliza mibofyo mingapi imeshapigwa. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona utando kama wa buibui, hizo ni fangasi, na kwa unyevu wetu wa pwani zinaendelea kutambaa. Piga picha ukuta mweupe tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16, kisha kuza picha: madoa yanayokaa palepale kila ukirudia ni vumbi juu ya kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Hiyo ni kazi ya dakika kumi mbele ya muuzaji. Kuna kijana alituletea lenzi aliyoipata "kwa bei ya kutupa", nilipoimulika nikaona fangasi zimefika hadi kioo cha kati. Ilibidi nimwambie ukweli, na aliondoka na huzuni. Lenzi zako zitunze kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani yake. Mikoba ya kitambaa kabatini ndiyo shamba la fangasi.

Sasa nije kwenye M. Kuna imani imesambaa kwamba mpiga picha wa kweli ni yule anayetumia M, na anayetumia kingine ni wa kubahatisha. Si kweli. M ni namna ya kuiambia kamera "niachie mimi yote matatu": tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Ukiachiwa matatu kabla hujajua kila moja linakula nini na linakupa nini, utazungusha magurudumu huku bibi harusi anapita.

Ndiyo maana Jumamosi ya tatu tunatumia feni ya darini. Feni inazunguka, mwanafunzi anapiga kwa kasi ya 1/15 ya sekunde na anaona duara la ukungu. Anapandisha hadi 1/1000 na mapanga yanaonekana kama yamegota, lakini picha imekuwa nyeusi. Anafungua tundu hadi mwisho, bado nyeusi. Anapandisha ISO hadi 6400, mwanga unarudi, na pamoja nao zinakuja chengachenga. Hapo sihitaji kuchora chochote ubaoni. Amejionea kwamba kila ukichukua hapa unalipa pale. Lenzi ya kawaida ya 18-55 tunaifunga selotepu kwenye 35, ili mtu atembee kwa miguu badala ya kuvuta zumu. Hilo nalo hulalamikiwa sana, na silibadilishi.

Baada ya feni tunatumia alama ya Av kwenye gurudumu la Canon, ambayo kwenye Nikon na Sony imeandikwa A tu. Wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi, na kitufe cha kujumlisha na kutoa unakishika wewe. Kitufe hicho ni muhimu kuliko M kwa anayeanza, hasa kwa kazi za kwetu. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu mbele yake kina kijivu cha kati. Mpige mtu aliyevaa kanzu nyeupe, au bibi harusi na shela lake, kamera inaogopa ule weupe na kuipunguzia picha mwanga: shela linakuwa kijivu na uso wa mweusi unazama kabisa. Ongeza +1, wakati mwingine zaidi kidogo, na uso unarudi. Mtu wa ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweusi, kamera hufanya kinyume, inaunguza, yaani inaongeza mwanga kupita kiasi. Vifaa hivi havikuanza kwa kututazama sisi. Kwa miaka mingi maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kamera za leo ni bora mno, lakini mkono wako bado unahitajika, na hilo ndilo tunalofundisha kwa uchungu kuliko mengine yote.

M tunaifika Jumamosi ya nne, pamoja na flashi, kwa sababu hapo ndipo inapoleta maana. Ukumbini mwanga hauaminiki, taa zinabadilika rangi kila sekunde, hivyo unafunga kasi na tundu mwenyewe halafu flashi unaielekeza darini ili mwanga ushuke laini. Ila tazama dari kwanza. Wapambaji wakiwa wametandaza vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi na zambarau yake hadi kwenye meno ya watu.

Kijana mwingine hakutaka kusubiri. Alitoka baada ya Jumamosi mbili, akachukua kazi ya sherehe ya kumuaga binti wa watu. Alikuwa na memori kadi moja, imeandikwa 128, aliyoinunua kwa bei ya soda chache. Kadi ya kughushi hukubali kila picha unayoipa, lakini ikishajaa uwezo wake halisi, zinazofuata hazifunguki. Alipata picha za mapambo na za wageni wakiingia. Mama anamlisha binti keki, hakuna. Alinipigia simu usiku akilia, nami sikuwa na la kumsaidia, kwani kilichokuwa hakijaandikwa hakiwezi kurudishwa. Kadi mpya ijaze yote nyumbani, fungua picha za mwisho uone, ndipo uiamini na sherehe ya mtu. Na nenda na mbili.

Bei sasa. Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa saba, ni saa 24. Gawanya ile laki mbili na nusu, utaona unalipa kama shilingi elfu kumi na mia nne kwa saa. Tunachukua watu sita tu, na hilo halitabadilika, kwa sababu kila wiki kila mmoja analeta picha 30 na tunakaa naye kuzipitia moja baada ya nyingine. Masomo ya bure mtandaoni yapo, mengine mazuri sana, na asiye na uwezo namsihi ayatumie, pamoja na simu yake, yai na dirisha. Tofauti ni kwamba video haiioni picha yako. Haitakuambia kwamba fokasi imekaa kwenye sikio badala ya jicho, wala kwamba nguzo ya umeme imeota kichwani mwa mjomba wako. Na zile preseti, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, za elfu kumi zinazouzwa Instagram haziokoi picha iliyopigwa vibaya. Zinageuza watu rangi ya chungwa.

Yule kijana wa Jumamosi alibaki. Saa saba kasoro alinionyesha picha ya mwenzake amekaa mlangoni, nusu ya uso kwenye kivuli, jicho moja limeshika mwanga. Aliipiga kwa oto, kamera ikijipangia yenyewe. Nimeichapisha, ipo ukutani hapa mapokezi.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Kama huna kamera usinunue, zipo mbili za kuazima na simu inatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Kama unayo, chaji betri usiku. Mayai tunanunua sisi.