Maboksi matupu msitupe, watoto wanayataka

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Wazazi tunalalamika watoto wameng'ang'ania simu na huku maboksi tunayatupa, si mkae nao mtengeneze bembea ya kuzunguka jamani, lile gurudumu kubwa kama alilojenga George Ferris kule Chicago 1893, lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi! Kateni maduara mawili yanayolingana, pitisheni kijiti katikati ndani ya mrija ili lizunguke laini. Utamu wenyewe uko kwenye viti, ukivibana na gundi vinapinduka na abiria wote wanamwagika (hapo watoto wanacheka mpaka basi), vining'inizwe kwa juu kwenye vijiti vingine vya ukingoni vinavyounganisha yale maduara, na tundu la kiti liwe pana kuliko kijiti chake, vitabaki wima vyenyewe. Kisu shika wewe, mengine waachie, hata likipinda.