Mume wangu anataka tutoe fedha yote ya kahawa sadaka, nami naogopa kumkosea Mungu

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia kutoka Mbozi, mkoani Songwe. Mimi na mume wangu ni wakulima wa kahawa na mahindi, na wote tumelelewa katika Kanisa la Moravian. Kwetu haliwi jambo bila maombi, hata mbegu huombewa kabla ya kuingia ardhini. Natanguliza hilo ili msomaji asidhani namlalamikia mlevi au mvivu. Mume wangu huamka alfajiri akaomba, na kunapopambazuka yuko shambani. Ni mtu mwema, na ndiyo maana jambo hili linanielemea.

Huku kwetu fedha ya kahawa huja kwa mkupuo. Tukishavuna na kukausha tunapeleka AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika wa mazao, kahawa inakwenda mnadani, na malipo yakiingia ndiyo yanayobeba mwaka: mbegu ya mahindi, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, ada ya binti yetu aliye chuo cha uuguzi, na deni la dukani. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, huanza Novemba. Wenzetu wa Kilimanjaro wakikosa vuli wana masika. Sisi ukichelewa kupanda, umechelewa hadi mwaka mwingine.

Sasa mume wangu amejiunga na kikundi cha maombi nje ya usharika wetu. Mtumishi anayekiongoza amefundisha kwamba mwaka huu kila nyumba itoe malipo yote ya kahawa kuwa mbegu ya imani, na kwamba atakayebakiza ya mbolea amemwambia Mungu hamtegemei. Mume wangu amelipokea neno hilo kwa machozi. Mwaka jana alikuwa ameshaacha kulipia mfuko wa afya ya jamii, ule uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, akisema kujiwekea fedha ya ugonjwa ni kuualika ugonjwa. Hilo tulilivuka salama. Hili la sasa ni chakula cha watoto.

Mchungaji, sisemi kwamba Mungu hatoi. Ametutunza, nimeona kwa macho yangu. Kuna mwaka ugonjwa wa chulebuni ulishambulia kahawa yetu, punje zikaoza zingali mtini, tukavuna kidogo mno. Tulikula ndizi na maharage ya shamba letu, na akina mama wa kanisani wakatuletea debe la mahindi bila sisi kumwambia mtu. Baadaye bwana shamba akatuelekeza kwenye miche ya aina mpya inayostahimili ugonjwa huo, ile ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo cha Mbimba. Hiyo ndiyo inayotulipa leo. Mimi naiona miche ile kuwa jibu la maombi sawasawa na lile debe. Mume wangu anaona debe ni muujiza, miche ni akili za watu. Nadhani hapo ndipo tulipoachana njia.

Nikimweleza wasiwasi wangu ananisomea Mathayo 6, ndege wa angani wasiopanda wala kukusanya ghalani. Ananikumbusha mjane wa Sarepta, aliyekuwa na konzi ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa, akampikia Eliya kwanza. Maandiko hayo nayaamini. Lakini ninapoyasoma mwenyewe usiku naona mengine ambayo kikundini hayasomwi. Mjane yule alipewa ahadi ya Bwana kwa kinywa cha nabii kwamba unga hautapunguka. Je, sisi tumeahidiwa na nani? Yusufu alipowagawia watu wa Misri mbegu, katika Mwanzo 47, aliwaambia watoe sehemu ya tano, zile nne wabaki nazo kwa mbegu za mashamba na chakula cha nyumba zao. Naye Paulo katika 2 Wakorintho 9 anasema Mungu humpa mpanzi mbegu, tena mkate wa kula. Sasa mbolea ile, si ndiyo mbegu aliyokwisha kutupa?

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Malaki 3:10 Bwana anasema tulete zaka kamili, tumjaribu kwa njia hiyo. Lakini Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na Zaburi akamsomea, Yesu alijibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Zaka tunatoa kila mavuno, wala sijawahi kuinung'unikia. Hili la kutoa yote, kisha tungoje mahindi yaote bila mbolea kwenye udongo uliochoka, ni la Malaki au ni la kinara cha hekalu?

Nikisema hivi mume wangu ananyamaza, kisha anasema kwa upole kwamba hofu yangu ndiyo itakayozuia baraka ya nyumba yetu. Neno hilo linanikata. Mimi namcha Mungu. Sitaki kuwa mke wa Lutu, aliyeangalia nyuma. Lakini pia nasoma 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, nami nawatazama watoto.

Kahawa hiyo tumeilima wote. Nimepalilia, nimechuma, nimeianika. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Mimi nitatoa kwa huzuni. Je, sadaka ya namna hiyo inapokelewa, hata kama mwenzangu ametoa kwa furaha?

Malipo yanatarajiwa wiki chache zijazo. Wifi yangu ananishauri niende kwa karani wa AMCOS niombe sehemu yangu kabla mume hajajua. Sitaki kufanya hivyo. Nyumba yetu haijawahi kuwa na fedha ya kujificha. Dada mmoja wa kanisani anasema nimwite mchungaji wa usharika pamoja na wazee wake wa ukoo waje wazungumze naye, ila naogopa ataona nimemwaibisha mbele za watu kwa sababu ya imani yake.

Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliopita hapa, hasa wakulima. Nimwambieje tutoe zaka na shukrani yetu, tununue mbegu na mbolea, tulipe ada, asinione kwamba namvuta atoke kwa Mungu? Na akikataa kabisa, mke amchaye Bwana anatakiwa asimame wapi?

Mama wa Mbozi