Mapango ya maji si bwawa la kuogelea

Mhariri,

Kwa miaka nasoma gazeti lenu bila kuandika neno, lakini makala ya wiki iliyopita kuhusu chemchemi za rangi zisizojulikana na wengi imenishinda kunyamaza. Mwandishi kasifu chemchemi za moto za Dallol, Ethiopia, kisha kawaambia wasomaji kwamba Unguja nayo ina mapango ya maji ya buluu, Jambiani na Paje, watu waende wakajitose. Hakuweka sharti hata moja!

Rangi za Dallol zinatokana na salfa, chuma na chumvi kwenye maji ya tindikali kali. Buluu ya mapango yetu haitokani na madini ya rangi. Ni maji maangavu juu ya jiwe jeupe la chokaa. Maji humeza wekundu wa mwanga, buluu ikabaki. Basi kinachochafua maji ndicho kinachoua rangi. Ukikanyaga tope la chini, maji yanakuwa tui, na hakuna mkondo wa nguvu wa kulichukua. Mafuta ya kujikinga na jua yanatanda juu na kuzuia mwanga. Sabuni na mabaki ya chakula yanalisha mwani, maji yakageuka kijani. Na yale mawe yanayoning'inia darini yasiguswe: jasho na mafuta ya kiganja huzuia chokaa kushika, nayo hukua chini ya milimita moja kwa mwaka.

Juzi tu mwongoza watalii mmoja alionekana akimpa mgeni sarafu ya shilingi mia airushe majini apate bahati. Kule hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kuna chemchemi ya moto iitwayo Morning Glory, iliyokuwa buluu tupu. Wageni wakatupa sarafu na takataka, tundu la maji moto likazibika, joto likashuka, bakteria wa manjano na kijani wakasogea katikati. Mwaka 1950 wahifadhi walipoilazimisha itapike maji, zilitoka sarafu, leso, taulo na soksi. Buluu ile haijarudi mpaka leo.

Na visima vya mahoteli je? Maji matamu ya kisiwa hiki yanaelea juu ya maji chumvi: kila mita moja iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita kama 40 chini yake. Pampu ikishusha mita moja juu, chumvi hupanda taratibu kuzifuata hizo 40. Hapo pango na kisima cha kijiji vinaharibika pamoja.

Kila mdomo wa pango uwekwe pipa la maji na kata, mgeni ajimwagie na kujisugua kabla ya kushuka. Wasizidi wanane kwa mara moja, waelee wasisimame. Ubao uandikwe Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano, na shehia iweke mtu wa kusimamia, alipwe kutokana na kiingilio.

Msomaji wenu,
Makunduchi