Barua kutoka Nachingwea

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, tena nimeurudia mara tatu, maana wajukuu wangu walikuwa wanapiga kelele hapo nyuma mpaka maneno mengine yakanipita. Umesema mtakuja mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa, na kwamba baba watoto ameangalia kwenye simu akaona Nachingwea jua tupu. Mwambie mkwe wangu, kwa heshima zote, hilo ni jua la mwezi wa nane. Desemba ni habari nyingine.

Ninyi huko Mwanza mna vuli na mna masika. Huku kwetu mwaka mzima una mvua moja, kifuku, na wewe umekaa mbali muda mrefu naona umeanza kusahau. Inaanza Novemba ikitaka, Desemba ikichelewa, inaendelea hadi Aprili. Katikati hapo, Januari au Februari, huwa inakata, na mara nyingi inakata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Siku hizo ukipita mitaani watu hawasalimiani vizuri, kila mmoja anatazama juu. Mei ikiingia imekwisha, hadi Novemba tena. Watu wa hali ya hewa wakitangaza redioni "mvua za msimu" ndiyo hii yetu, usiichanganye na zenu.

Sasa ukija Desemba utanikuta wapi? Shambani. Nyumbani utakuta kufuli na kuku. Njia ya kwenda shamba inakuwa tope la kuvua viatu, na mbu ndio wanajaa. Watoto wa mjini wale, wiki moja tu utakuwa unawapanga foleni zahanati.

Njooni likizo ya mwezi wa sita. Ndio wakati mzuri kuliko yote hapa. Kifuku kimeisha, mbaazi ziko shambani, karanga zimeshang'olewa, na asubuhi kuna baridi ya kuotea moto. Usicheke. Pwani kule Lindi mjini hawaijui, lakini sisi huku magharibi ya mkoa tuko juu kidogo, na kipupwe kinapopiga natoka na vitenge viwili. Waletee watoto masweta.

Baridi hiyo ina mambo yake, lakini. Ndio wakati mikorosho inaanza kuchanua, na asubuhi yenye ukungu ndiyo inayoleta ubwiriunga, ule ugonjwa wa maua ya mikorosho. Nikienda alfajiri nashika kile kishada cha maua, kama kimepakwa unga wa muhogo, najua leo sirudi nyumbani mapema. Dawa ya salfa lazima ipulizwe, na ipulizwe kabla upepo haujaamka, la sivyo unampulizia jirani. Jirani mwenyewe unamjua, hajawahi kusema asante.

Nikueleze na la mwaka jana, maana sikukuambia. Korosho nilikuwa nimeokota vizuri, zimeanikwa uani juu ya turubai, mabibo nimeshayatenga nitengeneze kochoko, ile pombe yetu ya mabibo. Saa nane ya usiku nasikia tone kwenye bati. Moja, halafu jingine. Nikasema ni paka. Nilipotoka turubai limeshakuwa bwawa, korosho zinaelea kama vifaranga, na turubai lenyewe kumbe lilikuwa limetoboka, maji yamepita mpaka kwenye magunia yaliyokuwa chini yake. Nilianika tena siku nne. Ghalani karani akapasua chache, akaona madoa, akanitia daraja la pili. Sikubishana, madoa hata mimi niliyaona. Lakini mnadani bei ya daraja la pili unaijua ilivyo, ndiyo maana lile bati la jikoni sikukutumia picha yake.

Halafu yule mdogo nimemsikia akiuliza, "Bibi, kwenu kuna treni?" Mwambie ilikuwepo. Usimwambie bibi anatania.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, wakaamua karanga zote watalima Tanganyika. Mwaka 1947 ndio walianza, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walitaka ekari zaidi ya milioni tatu. Kule Kongwa udongo ulipokauka ukawa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Huku kwetu mvua ilikuwa na nafuu, lakini kazi ilikuwa msitu. Babu yako alikuwa kibarua wa visiki, na alikuwa akisema mtambo uling'oa mti kwa dakika, mzizi ukabaki kuwasumbua wiki nzima. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja hapa, kabla hawajapata karanga za kupakia. Mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mpango. Reli ikaendelea kusuasua bila mzigo, mwanzoni mwa miaka ya sitini ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka honi tu, treni yenyewe siikumbuki. Nikifikiri sana naona hata honi huenda nimeisikia kwa babu yako.

Na kambi ya FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, nitamwonyesha iliko, Farm 17. Jina lenyewe la shamba lilibaki kutoka kwa Waingereza. Kiongozi wao Samora Machel alikuwa hapa na wapiganaji wake, akaondoka hapa Mei 1975 kwenda kuvuka Ruvuma, mwezi uliofuata Msumbiji ikapata uhuru. Sisi wasichana tuliwajua kwa nyimbo. Mengine nitamsimulia akikua.

Kuhusu njia: mkija mwezi wa sita barabara ya pwani haina matata. Unakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa? Huku bara upepo wenyewe hatukuuona, tuliona tu maduka yanapungukiwa. Mkipita Mtwara kwa ndege ni sawa pia, ila nauli hiyo afadhali mnunue bati.

Ming'oko, vile viazi vya porini, nitawachimbia, kiangazi ndio wakati wake. Umwambie mkwe wangu inamenywa kwa mkono ikishachemshwa, asije akaomba uma kama mara ile.

Nijibu wiki hii, nijue kama nimwachie fundi chumba cha nyuma akiezue au nisubiri. Na ukipita madukani hapo Mwanza nitafutie turubai, kubwa, lile zito la kufunikia malori. Langu nimeliziba kwa viraka vitano na bado naona nyota.

Mama yako