Tunaolea wazee Uingereza tunaona mengi, viza ndo zimetufunga mdomo

Mhariri, salaam.

Mimi ni Mtanzania, nalea wazee kwenye makazi ya kulipia huku Uingereza. Nilikuja 2023 kwa ile viza ya wahudumu waliyoifungua Februari 2022, na hela ya wakala baba aliuza kiwanja. Nalisema hilo mapema ili msomaji aelewe kwa nini nilikaa miezi minne kimya juu ya jambo ambalo wiki ya kwanza tu nilijua ni dhambi.

Usiku tulikuwa wawili kwa wazee kama 30 hivi. Pale kwetu mzee asiyeweza kujigeuza kitandani alitakiwa ageuzwe kila masaa mawili, asipogeuzwa ngozi inaanza kuoza, kinaanza kidoa chekundu pale kwenye nyonga ukija kushtuka ni shimo unaona nyama. Kila ukimgeuza unasaini karatasi. Sasa mie nikamwona mwenzangu anasaini ya saa nane, ya saa kumi na ya saa kumi na mbili kwa mpigo, na hapo hata saa sita haijafika vizuri. Nikadhani kakosea. Kumbe ndo utaratibu, na kiongozi wa zamu akaniambia na wewe saini hapa. Kikombe cha juisi kimejaa mpaka juu, karatasi inasema bibi kanywa mililita 200. Kengele yake ya kuitia watu imechomolewa ukutani, eti anasumbua sana.

Bibi mwenyewe ana miaka 89, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mimi alikuwa ananiita jina la mwanafunzi wake wa zamani. Kusumbua kwake ni kuomba apelekwe chooni. Anajibiwa si umevaa pedi, malizia humo humo. Mtu aliyefundisha watoto miaka yote ile analia kwa aibu, na sisi tunafunga mlango.

Najua nyumbani mtasema wazungu wanatupa wazee wao. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, ila binti yake alikuwa haji mikono mitupu, kila Jumapili yupo na keki, anazisoma zile karatasi anaona zimesainiwa vizuri, halafu anatushukuru. Alinishika mkono akanishukuru mimi.

Sasa kwa nini sikusema? Kwa sababu mwajiri ndiye mdhamini wa viza yangu. Akinitoa kazini, uhamiaji wanakuandikia barua una siku 60 upate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini, ukikosa ondoka. Dada mmoja wa Zimbabwe alimwambia meneja habari ya kengele, wiki iliyofuata zamu zake zikatoka tano zikawa mbili, hela hata ya kodi haitoshi. Hakuna aliyeambiwa chochote ila wote tulielewa. Nikampigia mama, akasema vumilia mwanangu, usiingilie ya watu, deni halijaisha. Simlaumu, na yeye analala na hilo deni.

Sheria ya kumlinda mfanyakazi anayefichua maovu wanayo tangu 1998. Lakini kesi inakula miezi, mara nyingine mwaka unapita, siku 60 zenyewe hazikusubiri.

Na kufichua kunasaidia kweli. Kulikuwa na makazi yanaitwa Orchid View, huko West Sussex, wakaguzi waliyapa alama nzuri 2010, mwaka uliofuata karani wa ofisini akaenda polisi baada ya kuambiwa aharibu karatasi za dawa za wazee. Makazi yakafungwa 2011, na 2013 uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo 19 ukakuta vifo vitano vilichangiwa na kutotunzwa. Siku hizi zamu za usiku nyingi zina watu wa viza kama mimi, jiulizeni wangapi wataweza kukataa wakiambiwa chana hizo karatasi.

Mimi mwishowe nilipiga simu CQC, ile tume ya ukaguzi, nikiwa kituo cha basi, bila kutaja jina. Nikawaambia njooni usiku msije mchana, mziangalie saini, zote za kalamu moja. Walikuja. Bibi alikuwa ameshapelekwa hospitali na kidonda na hakurudi tena. Ningepiga mwezi wa kwanza asingefika huko, hilo nalijua na nitakaa nalo.

Ninachoomba ni kimoja, Uingereza itenganishe viza na mwajiri kwa mtu aliyefichua, siku zisihesabiwe mpaka uchunguzi uishe, na ubalozi wetu London uliseme hili. Najua tangu Julai 22, 2025 hawachukui tena wahudumu wapya kutoka nje, lakini sisi tuliopo bado tupo, na wazee bado wapo. Wenzangu mnaosoma mkiwa huku, andikeni tarehe, saa na namba ya chumba, mpige simu, jina si lazima mtaje. Na wazazi, tukiwapigia tunalia msituambie tuvumilie, tuulizeni huyo mzee yukoje.

Mhariri, jina langu na namba ya simu nimekuandikia pembeni, naomba usivichape. Bado nadhaminiwa.

Mlezi wa wazee,
Uingereza