Mayai yote kwenye kapu la Rufiji

Ndugu Mhariri,

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme, tunasikia sana juu ya megawati zake 2,115. Sibezi. Ila sisi tunaosafiri kati ya Iringa na Dodoma, tukipita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, tumeliona lile ziwa likijaa na tumeliona likibaki matope. Oktoba 2015 maji yalipungua hadi mitambo ya umeme wa maji nchini ikazimwa.

Vituo vya umeme wa maji vya Mtera, Kidatu, Kihansi na hilo bwawa jipya vyote vimo katika bonde moja la Rufiji. Mvua ikikosa nyanda za juu kusini, vinaumia pamoja. Bwawa kubwa hutunza maji ya masika kwa ajili ya kiangazi, kweli, lakini ukame wa miaka miwili mfululizo ni habari nyingine.

Sasa, kiangazi hichohicho ndicho chenye jua kali, na Singida upepo huvuma kwelikweli. Mitambo ya jua na upepo ikifanya kazi mchana, maji yangebaki bwawani kwa ajili ya usiku. Mbona mradi wa upepo wa Singida tunausikia tu miaka nenda, miaka rudi?

Msomaji wako,
Iringa