Gari ikizima majini, usipige starta

Masika yakishaingia, Machi mpaka Mei, simu za gerejini kwetu huanza hivi: "Fundi, gari imepita majini ikazima, nimepiga starta mara tatu haishiki." Hizo mara tatu ndizo zinazotutoa jasho. Maji yakiingia na injini ikazima wepesi, mara nyingi bado inaokoleka. Starta ndiyo inayomalizia.

Chukua injini ya lita 1.5 yenye silinda nne, kama zilivyo gari nyingi ndogo hapa mjini Unguja. Kila silinda inavuta hewa kama mililita 375, kisha pistoni inapanda kuibana mpaka inabaki nafasi ya mililita 40 hivi. Kikombe cha kahawa ya barazani hakijai. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Yakizidi nafasi hiyo, pistoni inagota kama iliyokutana na ukuta, na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoiunga pistoni na kranki, mhimili unaozunguka chini ya injini. Kwa dizeli ni balaa zaidi, maana inabana kwa nguvu kubwa na nafasi ya juu ni finyu.

Maji hayo hupitia mdomo wa hewa, bomba linalokwenda kwenye eya klina, kichujio cha hewa. Gari nyingi ndogo wamelitia mbele, karibu na taa. Ndiyo maana dimbwi lisilofika magotini unaweza kulipita polepole ukasalimika, halafu daladala ikaja mbele yako kwa kasi, wimbi likapanda juu ya boneti, na injini ikanywa.

Masika moja tuliletewa gari iliyovutwa kwa kamba kutoka upande wa Mwanakwerekwe. Mwenyewe ni mwalimu wa skuli. Ilimzimikia katikati ya maji, vijana wakamsukuma mpaka pakavu, kisha wakamhimiza: "Piga tena mwalimu, itashika tu!" Akapiga. Ikalia ko! moja, ikanyamaza. Tulipotoa plagi na kuizungusha injini kwa spana, maji ya rangi ya udongo yaliruka yakatulowesha vifua. Oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa kama chai ya maziwa, yaani imeshachanganyika na maji. Konrodi moja ilipinda kidogo tu, kwa jicho huoni mpaka uilinganishe na mwenzake.

Mwalimu alikuwa na bima kubwa, akadhani yamekwisha. Mkaguzi wa bima alimuuliza swali moja: "Ilipozima, ulifanya nini?" Akasema kweli. Bima ikakubali kulipia viti, zulia na waya zilizolowa. Injini ikakataa kuilipia, kwa hoja kwamba haikuharibiwa na mafuriko, imeharibiwa na kuwashwa tena. Tulimwonea huruma, lakini hoja hiyo si ya kubuni: mikataba mingi inamtaka mwenye gari azuie hasara isizidi, na haigusi ubovu wa kimashine.

Kwa hiyo jibu la "bima inalipa?" linategemea karatasi yako. Bima ndogo haikulipii gari yako hata tone, ni ya hasara unazowasababishia wengine. Bima kubwa, tafuta neno mafuriko. Kuna mikataba inayoyataja kuwa yamo, kuna inayoyatoa nje mpaka uongeze malipo. Uliza pia eksesi, zile fedha utakazobeba mwenyewe kabla bima haijatoa zake. Uliza kabla ya mvua. Ukiona umekataliwa bila ya sababu ya maandishi, TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, wana ofisi hapa Unguja na malalamiko wanapokea.

Maji ya chumvi ni habari nyengine. Wapo wanaoteremsha gari pwani maji yakiwa yamekupwa, kupakia mwani au samaki, wakasahau kwamba bamvua hapa kwetu linapanda karibu mita 4. Gari hiyo hata ikiwaka leo, waya na vifaa vya umeme vitaoza polepole, na bima itakuuliza nani alikutuma uegeshe pale.

Ikizima, basi: zima swichi, usukumwe mpaka pakavu, uchomoe betri. Kabla ya kusukumwa, piga picha gari ikiwa bado imo majini, alama ya maji mlangoni ionekane, kisha wapigie bima siku ile ile. Usimruhusu fundi yeyote, hata sisi, kufungua injini kabla hawajakubali, lakini wabane wakubali haraka na kwa maandishi: plagi zitolewe, maji yatoke, oili imwagwe. Maji yakilala ndani siku tatu, ringi za pistoni zinaanza kushika kutu, na hapo mtagombana tena ni kosa la nani.

Ukitupigia usiku wa mvua, tutakuuliza kwanza kama umeshapiga starta. Sema tu, hatutakugombeza. Tunataka kujua tuje na spana ya plagi au tuje na kamba.